Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Chati za Muziki: Kwa Wasanii, Kwaya na Wasikilizaji wa Dodoma

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa watu wanaofika kwenye chumba chetu cha kurekodia hapa Dodoma mjini: vijana wa Chang'ombe na Nkuhungu, wanakwaya wanaokuja na basi kutoka Mpwapwa na Kongwa, wazee wa zeze kutoka Chamwino, na wanafunzi wa UDOM wanaobishana nani ni namba moja. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale yanayotokea mara chache. Jibu likiwa limeshatolewa, nimekuelekeza kwenye namba ya swali lenyewe.

Kabla ya kurekodi niliuza kanda. Ndiyo maana suala la nani anahesabu, na anahesabu nini, limo moyoni mwangu kwa miaka mingi. Utaliona hilo zaidi kwenye swali la 3 na la 11.

## Mwanzo kabisa

1. Chati ya muziki ni nini, na nani anaitengeneza?

Chati ni orodha ya nyimbo au albamu zilizopangwa kufuata hesabu ya kipindi fulani, kwa kawaida wiki moja. Shika hilo neno hesabu. Chati si tuzo. Kwenye tuzo kunaweza kuwa na majaji na kura za mashabiki, lakini chati ya mauzo inauliza jambo moja tu: wiki hii, ni wangapi walionunua au kusikiliza?

Kazi hiyo ina kampuni zake. Uingereza kuna Official Charts Company, inayomilikiwa kwa pamoja na BPI, chama cha makampuni ya kurekodi, na ERA, chama cha wauzaji. Umiliki wa namna hiyo naupenda, maana anayetengeneza na anayeuza wote wanaushika mzani, hakuna anayeuinamisha peke yake. Marekani, jarida la Billboard ndilo linalochapisha chati, lakini takwimu zinatoka kwa kampuni inayoitwa Luminate, ambayo mizizi yake ni SoundScan ya zamani. Japani wana Oricon, ambayo imetoa chati tangu 1968. Nigeria wana TurnTable Charts, iliyoanza 2020.

2. Wanajuaje kilichouzwa, wakati wao hawauzi?

Wanaletewa taarifa. Kila muuzaji aliyekubaliwa kushiriki anatuma kwa kompyuta orodha ya alichouza: namba ya bidhaa na idadi yake. Dukani, mashine ya kaunta inasoma ile mistari myeusi iliyo nyuma ya CD. Mitandao ya kusikiliza nayo inatuma idadi ya mara ambazo kila wimbo umechezwa. Kampuni ya chati inajumlisha, inakagua palipo na mashaka, kisha inapanga.

Ukaguzi ndio kazi kubwa. Uingereza, kwa mfano, kuna bei ya chini ambayo bidhaa ikiuzwa chini yake haihesabiwi, ili mtu asigawe albamu yake karibu na bure apate kupanda.

Gharama zinalipwa na makampuni ya muziki, wauzaji na vyombo vya habari wanaotaka kuona takwimu kwa undani. Orodha unayoisoma bure ni sehemu ndogo tu ya wanachokijua.

3. Kabla ya kompyuta walihesabuje?

Kwa simu, kwa daftari, na kwa kuaminiana. Chati ya kwanza ya singo (wimbo mmoja unaouzwa peke yake) ya Uingereza ilitoka tarehe 14 Novemba 1952 katika gazeti la New Musical Express. Percy Dickins wa gazeti hilo alipiga simu kwenye maduka yapatayo 20, akauliza nini kinauzika, akajumlisha majibu. Namba moja wa kwanza alikuwa Al Martino. Mwaka 1969 kazi ikapewa kampuni ya utafiti, BMRB, na maduka yakawa yanaandika kila sahani ya santuri iliyouzwa kwenye daftari na kulituma kwa posta. Mwaka 1983 ikaja Gallup, ikaweka mashine madukani.

Marekani walichelewa kuliko hapo. Mpaka 1991 muuzaji wa duka aliulizwa tu zipi zinazouzika sana, naye akataja. Toleo la Billboard la tarehe 25 Mei 1991 ndilo la kwanza ambalo chati ya albamu ilitumia hesabu za SoundScan zilizosomwa na mashine za kaunta. Kilichotokea kiliwashangaza wengi: albamu za kantri zilipanda ghafla, na mwezi uliofuata kundi la hip hop la N.W.A likawa namba moja. Mashabiki wake hawakuwa wameongezeka usiku mmoja. Walikuwepo siku zote wakinunua, ila aliyekuwa anajibu simu hakuwataja.

Mimi jambo hilo nalielewa kwa sababu nililifanya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa na kibanda cha kanda karibu na stendi ya Jamatini. Karibu kila Jumamosi alikuja wakala wa msambazaji mmoja wa Dar es Salaam na swali lake lilelile: "Ipi inatoka?" Nilikuwa na daftari la mauzo chini ya meza, nimeandika kila kanda kwa mkono wangu, lakini sikulifungua. Nilimtajia ile iliyonijazia rafu, nikitaka isifiwe huko mjini ipate kutoka. Kanda za kwaya, ambazo akina mama walizichukua mbilimbili wakitoka ibadani, sikuzitaja hata siku moja, kwa kuwa hizo zilikuwa zinaisha zenyewe.

Daftari lile bado ninalo. Nikilifungua naona kwaya moja ya Kongwa iliuza kuliko kila bendi niliyomsifia wakala. Kwaya hiyo haikuambiwa, wala msambazaji hakujua. Mimi ndiye niliyekuwa mashine ya kuhesabia, na nilihesabu vibaya kwa makusudi.

4. Kwa nini nyimbo siku hizi zinatoka Ijumaa?

Kwa sababu wiki ya chati inaanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Tangu tarehe 10 Julai 2015 tasnia ya muziki ya kimataifa, kupitia shirikisho lake la IFPI, ilikubaliana Ijumaa iwe siku moja ya kutoa kazi mpya. Kabla ya hapo Uingereza walitoa Jumatatu na Marekani Jumanne.

Kwaya zetu zinapenda kuzindua Jumapili, na siwezi kuwalaumu, waumini ndipo wanapokusanyika. Basi wimbo wenyewe upangeni utoke mtandaoni Ijumaa inayotangulia, uzinduzi ubaki Jumapili. Mkiutoa Jumapili, siku mbili za wiki yenu ya kwanza zimeshapotea.

## Kusikiliza mtandaoni

5. Kusikiliza mara moja kunahesabiwa sawa na kununua?

Hapana. Strimu ni wimbo kuchezwa mara moja mtandaoni, na zinahitajika nyingi kupata mauzo ya singo moja. Uingereza walianza kuingiza strimu kwenye chati ya singo Julai 2014, strimu 100 zikiwa sawa na nakala moja iliyonunuliwa. Januari 2017 wakapandisha hadi 150. Mwaka 2018 wakatenganisha: strimu 100 za mtu anayelipia mtandao kwa mwezi, au 600 za mtu anayesikiliza bure na matangazo. Marekani mwaka huohuo wa 2018 Billboard iliweka kipimo chake kwa albamu: strimu 1,250 za kulipia, au 3,750 za bure, zilihesabiwa kuwa albamu moja. Viwango hivi vinabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo ukisoma hesabu yoyote angalia ni ya mwaka gani.

Vijana wananiuliza kama si uonevu, maana wengi wetu tunasikiliza bure kwa bando la siku. Kwa maoni yangu kipimo kinafuata pesa, na anayelipia analeta pesa zaidi kwa mwenye wimbo. Lakini naikubali hoja yao kwamba kwa namna hii msikilizaji wa Dodoma anakuwa mwepesi mezani kuliko wa London, hata kama anaupenda wimbo zaidi.

6. Nikiacha simu icheze wimbo wangu usiku kucha, nitapanda?

Utamaliza umeme na bando bure. Kwenye hesabu za Uingereza strimu lazima ifike angalau sekunde 30, na mtu mmoja hahesabiwi zaidi ya mara 10 kwa siku kwa wimbo mmoja. Mitandao yenyewe nayo ina njia za kumtambua anayecheza wimbo mmoja saa 24 bila kupumzika.

7. Nikilipia tangazo YouTube na watazamaji wakaongezeka, chati inawahesabu?

Idadi iliyo chini ya video itapanda, lakini chati ni kitu kingine. Tangu Septemba 2019 YouTube iliacha kuingiza watazamaji wanaotokana na matangazo ya kulipia kwenye chati zake za muziki na kwenye rekodi za saa 24 za kwanza. Ndiyo maana unaweza kuona video yenye mamilioni isionekane kwenye chati, ukadhani kuna hujuma. Matangazo si dhambi, yanasaidia watu wakujue. Tatizo linakuja ukiyachukua kama kipimo cha kupendwa.

8. Kuna mtu anasema nimpe laki tatu aniingize Billboard. Nimlipe?

Usimlipe. Nafasi kwenye chati haiuzwi, na kampuni ya chati haina wakala wa kupita mitaani. Watu hawa kwa kawaida wanafanya moja kati ya mawili. Wengine wanachora picha ya chati yenye jina lako, wanakutumia kwenye simu, unaifurahia wiki moja. Wengine wananunua strimu za roboti. Mtandao ukizigundua unazifuta, mapato yanazuiwa, na msambazaji wa mtandaoni, yule anayekupakilia wimbo, anaweza kuuondoa kabisa. Nimeshamwona kijana wa hapa mjini akilia kwenye benchi letu kwa sababu kazi yake halali ya miaka miwili iliondoka pamoja na strimu za siku tatu alizonunuliwa na "meneja".

Ujanja huu haukuanza na intaneti. Uingereza ya miaka ya 1970 na 1980 watu walilipwa kwenda kwenye maduka yaliyojulikana kuwa yanatuma hesabu, wakanunua sahani moja kwa wingi ili ipande.

## Dodoma na Tanzania

9. Tanzania ina chati yake rasmi ya mauzo?

Hakuna kampuni moja inayokusanya mauzo na strimu za nchi nzima kila wiki kwa namna ambayo wasanii, wauzaji na redio wote wanaikubali. Tulizonazo ni chati za redio, zinazotegemea watangazaji, madijei na ujumbe wa wasikilizaji, pamoja na orodha za kila mtandao kivyake. Apple Music ina orodha ya nyimbo 100 za Tanzania, na YouTube nayo inapanga kwa nchi. Hizo ni hesabu za kweli, lakini kila moja inahesabu wateja wake tu.

Tulikaribia kupata hesabu ya aina fulani mwaka 2013, TRA ilipoanza kuweka stika za ushuru kwenye kazi za muziki na filamu. Stika ilionyesha nakala ngapi zimetengenezwa kihalali. Haikuonyesha ngapi zimenunuliwa, wala wapi. Na wakati huo watu walikuwa wameshaanza kuhamia kwenye flashi na simu.

Ugumu wenyewe uko chini zaidi. Enzi za kanda, msanii aliuza masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, kwa msambazaji kwa pesa ya mara moja, basi. Zikiuzwa elfu moja au laki moja, malipo yake hayabadiliki, kwa hiyo hakuwa na sababu wala uwezo wa kudai hesabu. Tasnia ikakua hivyo kwa miaka mingi, na mtu ambaye hakuwahi kuonyeshwa hesabu si rahisi aijue thamani yake.

10. Mimi nasikiliza nikiwa Dodoma. Nahesabiwa kwenye chati gani?

Inategemea chati inahesabu eneo gani. Chati za Uingereza zinahesabu Uingereza tu. Hot 100 ya Billboard, iliyoanza Agosti 1958, ni ya Marekani tu. Hata ukiusikiliza wimbo mara elfu moja ukiwa Area C, kwenye chati hizo huhesabiwi.

Ila Septemba 2020 Billboard ilianzisha Global 200, inayojumlisha strimu na mauzo kutoka nchi na maeneo zaidi ya 200. Huko msikilizaji wa Tanzania anaweza kuhesabiwa, mradi anatumia mtandao uliomo kwenye takwimu hizo. Na kwenye orodha za ndani za mtandao wako (swali la 9) unahesabiwa moja kwa moja.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao watu wa Chamwino wananiuliza kwa haki. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa kwetu, albamu zake kadhaa zilitolewa na Real World Records, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ikatoa albamu ya The Zawose Queens, kina mama wa ukoo huo. Nakala moja ya albamu kama hiyo ikinunuliwa kwenye duka dogo la Bristol, mashine inaisoma na hesabu inafika. Muheme ukichezwa na wanawake wa Chamwino mbele ya kijiji kizima, hakuna mashine inayosikia. Mdundo na ukoo ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba huko pana kaunta.

11. Wimbo wetu unapigwa kwenye kila bajaji kuanzia Majengo hadi Sabasaba. Kwa nini hauonekani popote?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza ana uchungu.

Fuata safari ya wimbo wenyewe. Prodyuza amemaliza, amekutumia faili kwa WhatsApp. Wewe umemrushia rafiki, rafiki amempelekea kijana wa kibanda anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Dereva wa bajaji anatoa elfu moja, anapewa nyimbo 100, wa kwako ukiwemo. Anaupiga kutwa nzima, abiria 40 wanausikia. Kesho yake dereva mwenzake ananakili flashi ileile. Wimbo umesikika na maelfu, na katika safari yote hiyo hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa jina lako na idadi. Pesa imelipwa, kwa kijana wa kibanda. Hesabu haikufanyika kwa mtu yeyote.

Simchukii kijana wa kibanda. Kazi yake ndiyo niliyokuwa nafanya mimi, na bila yeye nyimbo nyingi za hapa zisingevuka Kizota. Lakini dereva akiufungua wimbo huohuo kwenye mtandao wowote, hata ule wa bure, kuna kompyuta inaandika: wimbo fulani, Tanzania, mara moja. Tofauti yote iko kwenye mstari huo mmoja.

Ninachowashauri wasanii ni hiki. Usirushe faili kabla wimbo haujafika mtandaoni. Ukishatoka, mtu akikuomba umrushie, mpe kiungo. Na kwa wale wasio na bando, ambao ni wengi na ni mashabiki wa kweli, uza flashi yako mwenyewe yenye nyimbo zako, kwa bei yako, kisha andika: tarehe, mahali, idadi. Haitaingia Billboard. Lakini siku ukienda kwa mdhamini au kwa mwandaaji wa tamasha, utakuwa na daftari la kumwonyesha, na daftari la kweli lina heshima yake.

12. Kupigwa redioni kunahesabika?

Kwa baadhi ya chati. Hot 100 ya Marekani inachanganya strimu, mauzo na redio. Chati kuu ya singo ya Uingereza haigusi redio. Wanaohesabu redio wanatumia kompyuta inayosikiliza matangazo na kuutambua wimbo kwa sauti yake, kama mama anavyomtambua mwanawe kwa kikohozi. Kwa redio zetu za hapa, muulize mtangazaji kama kituo kinaandika nyimbo zinazopigwa kila siku. Kumbukumbu hiyo ina maana kubwa kwa mirabaha kuliko kwa chati.

## Kuuandaa wimbo uhesabike

13. ISRC ni nini, na naipata wapi?

Ni namba ya utambulisho ya rekodi moja, yenye herufi na tarakimu 12. Ndani yake kuna alama ya nchi au ya mtoaji, alama ya aliyesajili, tarakimu mbili za mwaka, na namba tano za rekodi yenyewe. Ndiyo inayomwezesha anayehesabu kujua kwamba wimbo uliosikilizwa kwenye mitandao mitano ni uleule mmoja. Albamu nzima ina namba nyingine, ile ya mistari ya mauzo.

Wasambazaji wengi wa mtandaoni wanakupa ISRC wakati wa kupakia wimbo, bila malipo ya ziada. Iandike mahali pasipopotea. Sisi tunaandika kwenye daftari gumu na kumpa msanii nakala ya karatasi, maana simu zinaibiwa.

14. Nimesajili COSOTA na BASATA. Si inatosha?

Inatosha kwa kazi yake, si kwa chati. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ilianzishwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na usajili wako pale unakusaidia kuthibitisha kuwa kazi ni yako. BASATA, baraza la sanaa la taifa, inakutambua kama msanii. Hakuna kati yao anayejumlisha strimu za wiki. Fanya vyote: usajili wa haki, usajili wa msanii, na ISRC ya kila rekodi.

15. Jina la msanii likiandikwa tofauti kuna shida gani?

Shida kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kwaya moja ilipakia nyimbo zake kwa nyakati tatu: mara ya kwanza kwa jina la kwaya, mara ya pili jina la kwaya na usharika, mara ya tatu kwa kifupisho. Mtandao ukaona wasanii watatu, kila mmoja na wasikilizaji wachache. Chagueni jina moja kwenye kikao, liandikeni kwenye muhtasari, na anayepakia alifuate herufi kwa herufi. Kwa nyimbo za Kigogo, kubalianeni pia tahajia ya jina la wimbo. Msikilizaji atatafuta kama anavyotamka, kwa hiyo muulizeni mtu asiye mwanakwaya aliandike, kisha mwone.

16. Nikihama msambazaji, hesabu ya zamani inapotea?

Si lazima. Tumia ISRC ileile, jina lilelile na faili lilelile la sauti, na uhakikishe wimbo umeshapanda kwa msambazaji mpya kabla hujauondoa kwa yule wa zamani. Ukipewa ISRC mpya, mitandao inaweza kuuona kama wimbo mwingine unaoanza sifuri. Mnaoniambia namba zimefutwa, mara nyingi hapa ndipo palipokosewa.

## Mambo yasiyo ya kila siku

17. Tumerekodi wimbo wa jadi wa Kigogo. Utahesabiwa kwa jina la nani?

Kwa jina la kikundi kilichoimba. ISRC ni ya rekodi, si ya utunzi. Kwenye nafasi ya mtunzi andikeni kuwa ni wimbo wa jadi, na kama kuna mzee aliyeupanga upya au kuongeza beti, aandikwe kama mpangaji. Tafadhali msijiandikishe kuwa watunzi wa kitu alichoimba bibi yenu na bibi wa jirani. Vikundi viwili vikidai utunzi wa wimbo mmoja, malipo yanaweza kusimamishwa kwa wote.

18. Wimbo wa kushirikiana, au remix, unahesabiwaje?

Wimbo wa kushirikiana ni mmoja na hesabu yake ni moja, wote waliotajwa wanabeba nafasi. Remix ya wimbo uleule mara nyingi inaunganishwa na wa awali kwenye chati. Uingereza kuna sheria nyingine inayomhusu msanii mkuu: haruhusiwi kuwa na nyimbo zaidi ya 3 kwenye 100 bora kwa wakati mmoja. Ililetwa Julai 2017 baada ya albamu ya Ed Sheeran kuingiza nyimbo 16 kwenye 20 bora mwezi Machi. Wakati huohuo wakaamua wimbo uliokaa muda mrefu na kushuka wiki 3 mfululizo upunguziwe uzito wa strimu, ili nyimbo mpya zipate pa kupita.

19. Wimbo wa miaka mingi iliyopita unaweza kuingia kwenye chati?

Unaweza, na strimu ndizo zilizofungua mlango huo. Wimbo wa Krismasi wa Wham! uliotoka 1984 ulifika namba moja Uingereza kwa mara ya kwanza Januari 2021. Ule wa Mariah Carey wa 1994 ulifika namba moja Marekani Desemba 2019. Kwaya zenye nyimbo za Pasaka na Krismasi, nawaomba mzipandishe mtandaoni angalau mwezi mmoja kabla ya msimu, na msizitoe msimu ukiisha.

20. Platinamu ni nafasi ya chati? Na namba moja analipwa?

Platinamu ni cheti cha jumla ya mauzo tangu wimbo utoke, chati ni ya wiki. Marekani, dhahabu ni nakala 500,000, platinamu 1,000,000, na almasi 10,000,000, strimu zikiwa zimebadilishwa kuwa nakala. Uingereza platinamu ya singo ni 600,000 na ya albamu 300,000. Kampuni ya chati haimlipi namba moja chochote. Anapata shoo, redio na mikataba.

21. Baba alirekodi kanda, sasa ni marehemu. Naweza kuziweka mtandaoni zihesabiwe?

Ndiyo, mkishajua haki ni ya nani. Kwa sheria yetu hakimiliki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi wana sauti. Kaeni kama familia, mkubaliane kwa maandishi nani anasimamia. Kama baba aliuza masta kwa msambazaji, tafuteni karatasi yoyote ya makubaliano, hata risiti, kabla ya kupakia. Rekodi itapewa ISRC mpya, lakini mwaka wa kurekodiwa andikeni ule wa kweli.

Kanda yenyewe msiijaribu kwenye redio ya nyumbani. Utepe uliokaa kwenye joto na vumbi la Dodoma miaka 25 unakatika kirahisi, na mkivuta mara moja tu mnaweza kupoteza dakika ambazo hazipo kwingine. Ileteni kama ilivyo, ndani ya bahasha ya karatasi na si mfuko wa nailoni, pamoja na kasha lake hata kama limepasuka, maana majina ya wapigaji mara nyingi yameandikwa humo kwa kalamu. Tunaisafisha, tunaichezesha mara moja, na hiyo mara moja ndiyo tunayoirekodi.